Muhtasari wa Kikao cha Tamthilia

Watu wengine huacha tamthilia kama wanavyoacha kibarua: siku moja hawatokei, basi, imeisha hiyo. Fundi makochi na mkewe hawakuwa watu wa namna hiyo. Kwao tamthilia haikuachwa mpaka kikao kikae, hoja itolewe, kura ipigwe na muhtasari uandikwe. Na muhtasari ukishaandikwa, hakuna wa kuupindua.

Utaratibu huo aliuleta mke. Alikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini na moja, na sehemu kubwa ya maisha yake ilipita akiandika mihtasari ya vikao vya walimu, watu ambao, kwa maneno yake mwenyewe, waliweza kubishana saa tatu nzima juu ya ufunguo wa stoo. Alipostaafu alirudi nyumbani na boksi la kalamu, rula moja na mazoea yake yote. Mumewe akampachika jina la Katibu. Naye akalipiza kwa kumwita Mwenyekiti, ingawa mtu yeyote aliyekaa nao dakika tano alijua nani anaongoza nyumba ile.

Vikao vilifanyika Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha mchana, juu ya kochi la watu wawili ambalo Fundi alilitengeneza kwa mikono yake. Mafundi wengi nyumbani kwao hukalia viti vibovu, lakini kochi lile alilifanyia kazi siku nane: mbao kavu, springi mpya, sponji nzito iliyokatwa upana wa makalio ya Katibu, jambo ambalo Katibu hakupenda litajwe mbele ya wageni.

Kanuni zilikuwa chache, zimeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mihtasari. Ili tamthilia iachwe, lazima wote wawili wakubali. Ili ibaki, mmoja tu akisema "naipenda" inatosha, hahojiwi. Kutangulia mbele ni marufuku, iwe kwa kuuliza majirani au kuchungulia kwenye simu. Atakayetangulia atafua mapazia ya nyumba nzima. Kanuni ya mwisho iliongezwa siku Fundi aliposinzia katikati ya hoja. Alipozinduka alikuta daftari limefungwa, akamwambia Katibu si angepitisha tu mwenyewe, kwani kuna nini.

"Kikao cha mtu mmoja hakina akidi," alisema Katibu. "Mtu mmoja hapitishi kitu."

Majina halisi ya tamthilia hawakuyashika, maana yalikuwa ya lugha za mbali. Walizipa majina ya kwao: Ya Mapacha, Ya Mawakili, Ya Shemeji Mnafiki. Ile waliyoipenda kuliko zote ilikuwa Ya Stesheni. Ilimhusu mama aliyeibiwa mtoto wa miaka minne kwenye jukwaa la treni, na tangu siku hiyo haondoki pale. Anauza magazeti, na kila treni ikiingia anatazama nyuso. Ilikuwa na sehemu zaidi ya mia nne, na wao walikuwa wamefika ya mia moja na ishirini. Fundi alilalamika kila jioni kwamba mama huyo angekwenda polisi mapema wangeshamaliza zamani. Halafu alijipangusa macho kwa kipande cha kitambaa cha kazini, akasema vumbi la sponji.

Kisha Katibu akaanza kukonda. Mgongo ukauma, chakula kikamshinda. Binti yao, mtoto wao wa pekee, mwalimu wa chekechea aliyekaa mitaa mitatu kutoka kwao, akampeleka hospitali. Vipimo viliporudi, daktari aliwaita Fundi na binti chumba cha pembeni. Ni ini, alisema, na ugonjwa umeshasambaa. Tuhesabu miezi.

Walipotoka mlangoni binti alimshika baba yake mkono kwa nguvu, akamwomba mama asiambiwe. Akijua atakata tamaa, alisema, na akikata tamaa atakwenda haraka. Fundi hakuwa mtu wa siri. Hata zawadi hakuweza kumficha mkewe mpaka jioni. Katika miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kumwambia uongo uliomaliza wiki. Lakini siku hiyo akili yake ilikuwa imesimama, na binti alikuwa analia. Akakubali. Jioni alimwambia mkewe ni vidonda vya tumbo, vitachukua muda. Katibu alimtazama kwa kitambo, kisha akamuuliza kama anywe chai sasa au baadaye.

Kwenye kikao kilichofuata Katibu alitoa hoja Ya Mapacha iachwe. Sababu: ndefu. Fundi alikubali, kwani mapacha wenyewe walikuwa wameshamchosha. Ikaja Ya Shemeji Mnafiki. Sababu: ndefu. Hapo Fundi alishangaa kidogo, maana Katibu alikuwa akingoja kwa hamu shemeji yule aumbuke, lakini akaona mgonjwa asibishiwe. Mwezi wa pili walijadili mpya. Katibu hakuuliza inahusu nini wala nani anaigiza. Aliuliza ina sehemu ngapi. Yenye sehemu kumi ilipita. Yenye sita ilipita bila hata mjadala.

"Siku hizi Katibu anataka vya kumeza bila kutafuna," Fundi alimtania.

Katibu alicheka, akaandika.

Fundi alielewa siku tatu baadaye, karakanani kwake, akiwa anang'oa misumari ya kiti cha mteja. Alikuwa ameshakivua kitambaa na sponji, anafikiria jambo jingine kabisa, mara lile neno "ndefu" likamrudia kichwani na hesabu yake nzima. Sehemu kumi ni wiki mbili. Sehemu sita ni wiki moja na siku. Mkewe hakuwa amechoshwa na chochote, alikuwa anapima. Anachagua zile atakazoziwahi. Fundi alikaa pale pale juu ya springi tupu, koleo mkononi, akalia mpaka mteja aliyekuja kuulizia kiti chake akarudi kimyakimya alikotoka.

Kumbe mzigo waliokuwa wakimfichia alikuwa ameubeba muda wote, tena peke yake, ili wao wasijue kwamba anajua. Hilo ndilo lililomuuma Fundi kuliko ugonjwa wenyewe. Nyumba yenye watu wawili, na kila mmoja amejifungia chumba chake na uongo wake.

Kikao cha tatu Katibu alifungua daftari, akasema bila kuinua macho, "Hoja: Ya Stesheni iachwe."

"Naipenda," alisema Fundi haraka.

Kanuni ni kanuni. Katibu akaandika kwamba imebaki. Lakini sehemu zilizosalia zilikuwa za karibu mwaka mzima, na wote wawili walijua hivyo.

Fundi hakuweza kukaa na hali ile. Kesho yake alikwenda kwa binti yake, akamkuta jikoni anaosha vyombo. Alimwomba atafute kwenye simu mwisho wa Ya Stesheni, kwani kule ilikotengenezwa ilikuwa imeshamalizika. Nataka mama yako aujue, alisema. Nimechoka kumdanganya, nikimwambia mwisho atajua nimegundua kwamba anajua, na tutaanza kuongea kama watu. Binti alifuta mikono, akasoma kwenye simu kwa muda mrefu. Kisha akaiweka chini, akarudia vyombo vyake, akamweleza baba yake huku amempa kisogo. Mtoto anarudi, alisema. Amekuwa mwanamke mzima, anateremka kwenye treni ya asubuhi, mama anamtambua kwa kovu la kidevuni. Wanakwenda nyumbani.

Fundi alirudi mbio kama kijana aliyepewa jibu la posa.

Katibu alikuwa kwenye kochi. Wiki ile Fundi alikuwa amemwongezea sponji laini upande wake, kwa sababu mifupa ilimuuma akikaa, lakini sponji hata haikubonyea. Fundi alikaa upande wake, akaomba kikao cha dharura. Katibu alichukua daftari, akauliza ajenda.

"Mwisho wa Ya Stesheni."

Kalamu ilisimama. "Umetangulia, Mwenyekiti."

"Nimetangulia. Mapazia nitafua."

Katibu alimtazama kama alivyomtazama ile jioni ya vidonda vya tumbo. "Kwa hiyo umejua kwamba najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Uliniambia habari za tumbo langu huku unatazama kiatu chako."

Fundi alisogea karibu naye. Akamshika mkono, mkono uliokuwa mwepesi mno, wakalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Ilikuwa mchana, jua limeingia mpaka katikati ya sakafu, na televisheni ilikuwa imezimwa. Katibu ndiye aliyekuwa wa kwanza kujipangusa.

"Haya, niambie mwisho wake," alisema. "Na usinidanganye. Jambo langu mwenyewe umenidanganya miezi mitatu. Hili la watu wengine niambie kweli."

"Haki ya Mungu, kweli tupu."

Akamsimulia yote: treni ya asubuhi, kovu la kidevuni, mama anaacha magazeti yake yapeperuke. Magazeti aliyaongeza yeye, lakini hayo aliyahesabu kuwa ni mapambo tu. Katibu aliuliza mtoto alivaa nini. Fundi hakujua. Akauliza kama mama alikuwa amezeeka sana. Fundi akasema wastani. Katibu alicheka na machozi yakimtoka, akasema alijua tu, mama anayengoja namna ile Mungu hawezi kumwacha. Kisha akapiga mstari kwa rula, akaandika, na alipomaliza akamsomea:

"Kikao cha dharura. Waliohudhuria: wote. Mwenyekiti ameeleza mwisho wa Ya Stesheni. Mama amempata mtoto wake. Imethibitishwa. Pili: Mwenyekiti aendelee kuiangalia mpaka mwisho, asiache."

Fundi alisema hilo la pili hapana, hataweza, ataitazamaje peke yake.

"Naipenda," alisema Katibu.

Na hapo hakuna cha kuhoji.

Baada ya siku hiyo walibakiwa na wiki saba, na ziliwatosha kuambiana mengi. Katibu alisema azikwe karibu na mama yake, vitambaa vyake apewe binti, na Fundi aache kula amesimama. Alifariki Jumanne asubuhi, ameegemea mto, binti yake akiwa dirishani anafungua pazia.

Fundi alitii muhtasari. Kila jioni, siku tano za wiki, alikaa upande wake wa kochi akaangalia Ya Stesheni, na upande wa pili hakuruhusu mtu aweke hata kofia. Ilikuwa kazi ngumu. Kuna siku hakusikia neno hata moja la waigizaji. Lakini alijua mwisho, na mwisho ule ndio uliomvusha: kila mama wa stesheni alipotazama treni akakosa, Fundi alimwambia kwa sauti avumilie, anakuja, Katibu mwenyewe ameandika.

Jioni ya sehemu ya mwisho binti alikuja bila kuitwa, akakaa kwenye stuli karibu na mlango. Alimwomba baba yake wazime, watoke wakatembee, si mwisho anaujua. Fundi alikataa. Agizo ni agizo.

Mama wa stesheni alikuwa anaumwa. Walimbeba wakamlaza kwenye benchi la jukwaani, kwa sababu alikataa kwenda kwingine. Alitazama treni ya jioni mpaka abiria wa mwisho akapita, akafumba macho, na hakuyafumbua tena. Asubuhi yake mwanamke mwenye kovu kidevuni aliteremka na sanduku dogo, akamwendea muuza magazeti mpya, akamuuliza habari za mama aliyekuwa akikaa pale. Majina ya waigizaji yakaanza kupita.

Fundi aligeuka taratibu. Binti yake alikuwa amejifunika uso kwa viganja.

"Ulijua," alisema Fundi.

"Baba, ningesemaje? Ungekwenda kumwambia mama vile vile. Mama yangu anakufa, nimtumie habari ya mama aliyekufa akingoja?"

"Nilimwapia. Nilimwapia kweli tupu."

Fundi hakumsukuma binti zaidi. Hasira ilimpanda ikakosa pa kwenda, kwa sababu aliyemkosea ni mtoto wake na aliyekosewa ndiye aliyewafundisha wote wawili kupenda. Alinyanyuka akatoa daftari kwenye droo. Masahihisho ya muhtasari hufanywa mwanzoni mwa kikao kinachofuata. Hilo alilisikia mara mia. Akafungua ukurasa uliofuata ule wa mwisho, akapiga mstari kwa rula ya Katibu, akaandika tarehe kwa mwandiko wake wa kuandikia vipimo vya viti. Akaandika: Waliohudhuria. Chini yake akaandika: Mwenyekiti.

Akangoja, kalamu mkononi.

"Niandike mimi, Baba," alisema binti kwa sauti ndogo. "Nipo."

Fundi alitikisa kichwa. Hakumkasirikia tena, alimwonyesha tu kwa kalamu upande wa pili wa kochi, ambapo sponji laini ilikuwa bado imesimama vile vile. "Kikao hiki kina wajumbe wawili," alisema. "Na mtu mmoja hapitishi kitu."

Akafunika kalamu, akafunga daftari, akalirudisha kwenye droo. Muhtasari ukabaki kama Katibu alivyouandika: mama amempata mtoto wake.