Ukuta Unaotikisika

Kule milimani kwetu, Kivu ya Kusini, harusi ikikaribia mama yangu ndiye aliyeitwa kupamba nyumba ya bwana harusi. Aliusiriba ukuta kwa udongo na samadi, akausugua kwa jiwe mpaka ukanyooka, ndipo akachora kwa udongo mweupe na masizi.

Tulipofika ughaibuni, mjini Louisville, mwenye nyumba alitukataza hata kupigilia msumari. Columbus, yale yale. Tulipohamia Buffalo, kwenye nyumba ya mbao huku mtaa wa West Side, mama hakuuliza tena. Miaka yote hiyo hakuchora hata mstari, nami niliogopa kwamba atazeeka hivyo hivyo, mikono imekunjwa mapajani.

Basi siku moja nisiyokuwa na zamu ghalani nilikwenda Kenmore, kwenye duka la vifaa vya wachoraji. Mimi napenda kujua majina ya vitu, na muuzaji hakuninyima: hili turubai la kuchorea, limewambwa kwenye fremu, huu ubao, hii karatasi nzito ya rangi za maji, na huu weupe juu ya turubai ni rangi ya msingi, nguo isije ikanywa rangi yote. Nilirudi na turubai pana kuliko mlango wa basi, nikageuzwa-geuzwa na abiria mpaka likaingia.

Nyumbani nikamhutubia mama majina yote. Akalibonyeza turubai kwa kidole.

"Bon, haya, hii ukuta inatikisika."

"Si ukuta, mama. Ni turubai."

"Na hii nyeupe?"

"Rangi ya msingi."

"Aah. Kumbe walishasiriba."

Nilifurahi, na asubuhi yake nikaenda kazini. Nilichosahau ni kwamba kwetu anayechora ndiye anayesiriba. Kuchora juu ya udongo wa mwingine ni kumdhulumu. Mama alichimba udongo wa bustanini, akauchanganya na uji, akalisiriba turubai lote. Niliporudi nikalinyanyua nilione vizuri. Udongo wote ukaporomoka juu ya zulia.

Nilifoka, sifichi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Si nilikuambia inatikisika!"

Nikafagia huku nanung'unika, lakini moyoni nilikuwa nashangilia, maana kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu tuondoke Kivu.

Kesho yake nilikuta meza yetu ya kulia imesimamishwa ubavu, miguu imeelekea dirishani. Katika nyumba ile ya kupanga, meza ndiyo mbao pekee tulizonunua wenyewe. Mama alikuwa ameisiriba kwa udongo uliotiwa gundi, na pembetatu nyeupe zilikwishafika katikati.

"Mama, tutakulia wapi?"

"Chini," alisema bila kugeuka. "Na usipite pale karibu, udongo haijakauka."

Nikapakua ugali na sombe ya majani ya muhogo, nikakaa sakafuni. Machozi yalinitoka, nikala nikimtazama mama yangu anachora.