Dari Niliyoiteremsha kwa Mikono Yangu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila theluji inapoanza kulala juu ya mapaa. Ilikuwa miaka ya tisini, nami kijana kama wewe. Nilikuwa nimemaliza chuo hapa Minneapolis, nimepata kazi maabara, na nimenunua nyumba kule Blaine, zama hizo mashamba bado yapo. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda kubwa la nguzo, lenye paa la mabati, alimokuwa akiweka trekta yule aliyeniuzia.

Nililipenda banda lile kwa sababu ya misiba. Sisi watu wa Afrika Mashariki hatukuwa na pa kukalia matanga. Mtu akifiwa tulibanana kwenye apatimenti, majirani wakigonga ukuta. Nikasema, hapa patakuwa nyumbani kwetu sote, Wakristo na Waislamu. Ilikosekana dari tu, ya kuzuia baridi.

Basi nikaijenga, wala sikumuuliza mtu. Nilikuwa na digrii ya kemia, na mwenye digrii mpya hudhani imemfunza na useremala. Mimi na rafiki yangu Elibariki tulipigilia mbao toka kenchi hadi kenchi, zile fremu za mbao zinazoshika paa, tukapandisha bodi za jipsamu, zile ambazo moja tu huwatoa jasho watu wawili, na juu yake tukatandaza pamba ya kuzuia baridi. Tulipofika zaidi ya nusu ya banda, theluji ikaanguka siku mbili mfululizo.

Wiki hiyo nilikuwa nimemkaribisha Bi Rukia, mama wa Mombasa aliyekaa Saint Paul. Alikuwa amefiwa na mumewe, na arobaini ilikuwa Jumamosi. Nilimwomba hitima isomwe kwangu. Akaja Alhamisi na binti yake kutazama pa kupikia. Nami nikasimama mlangoni kungoja sifa.

Hakutazama pa kupikia. Aliinua uso, akaifuata dari kwa macho mpaka ilipokomea.

"Baba, hizi kenchi uliziuliza kama zaweza?"

Nikacheka. "Bi Rukia, zinabeba theluji yote ile. Zitashindwa na dari?"

"Niletee ngazi."

Mwanangu, sikuwa nimewahi kumuuliza anafanya kazi gani. Kumbe kwa miaka sita alikuwa kwenye kiwanda cha kenchi, akigandamiza vibati vya meno pale mbao zinapoungana. Alijifunga leso kiunoni, akapanda upande ambao haujafunikwa, akapangusa vumbi. Palikuwa na cheti kidogo kimebanwa kwenye ubao.

"Njoo usome, wewe uliyesoma."

Nikasoma. Mbao za juu zilipigiwa hesabu ya theluji. Ule ubao mrefu wa chini, nilikotundika dari yangu, ulipigiwa hesabu ya uzito wake wenyewe, basi.

Sikukubali upesi, ujana una shingo ngumu. Akaniomba uzi na vipande vitatu vya mbao vya kimo kimoja. Kimoja akakishika mwisho huu wa ubao wa chini wa kenchi ya mwisho iliyobeba dari, binti yake akashika kingine mwisho ule, uzi ukavutwa kati yao, chini ya vipande hivyo, mpaka ukalia. Cha tatu nilipewa mimi, nikipitishe katikati, baina ya uzi na ubao. Kilipaswa kupita. Hakikupita. Ubao ulikuwa umeshuka upana wa kidole, na mimi niliyeshinda chini yake sikuona kitu.

Hapo juu kenchi moja ikatoa sauti, kama mtu anayemeza mate.

"Tokeni," Bi Rukia akasema. Nje, theluji ikimfika magotini, alinishika mkono. "Hitima nitaisomea kwangu, watu wakae hata ngazini. Mume wangu kashakufa, baba. Sitaki wa pili."

Akanipa utaratibu: theluji kwanza, kwa reki ndefu, miguu ikiwa chini, kisha pamba, kisha bodi, moja moja, kuanzia katikati. Ijumaa nzima mimi na Elibariki tulibomoa kazi ya miezi miwili. Nililia, sikufichi. Jumamosi nikakaa kwenye ngazi za jengo lake nikisikiliza hitima, na sahani ya pilau ikanifikia mkononi kama mtu aliyeistahili.

Jumapili nilirudi bandani peke yangu mchana. Nikafunga uzi ule ule. Kile kipande cha tatu kikapita, chepesi, bila kugusa. Ubao ulikuwa umejinyoosha. Nilikaa sakafuni nikautazama, mti usiozidi upana wa kiganja, uliovumilia ujinga wangu wiki kadhaa bila kunidondokea. Tumezoea kusema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile niliogopa jinsi nilivyolisema neno hilo miaka yote bila kulisikia.

Majira ya joto nilimwita injinia. Alipiga hesabu, akaagiza kenchi ziongezwe mbao, dari iwe ya mabati membamba, na pamba iwe ile nyepesi ya kupulizwa, kwa kina alichokiandika yeye, si zaidi. Nilipomweleza ya mwanzo, aliweka kalamu chini.

"Nani alikwambia uteremshe?"

"Mama mmoja wa kiwandani."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Mpe heshima zangu."

Misiba mingi imekaliwa pale tangu hapo, na harusi pia.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kabla hujatwika kitu, uliza kilitengenezwa kubeba nini. Kubeba kimoja si kubeba vyote. Kuuliza si ujinga, na wa kumuuliza huenda ndiye uliyemkaribisha ili akusifu. Na ukionyeshwa kosa, bomoa siku hiyo hiyo, hata kama umeshajisifu nalo mbele za watu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mungu akupe macho ya kuona kinachoinama kimyakimya, akupe na watu wa kukwambia kweli, na kila paa utakaloingia likutoe salama, wewe na uwapendao. Amina.