Kazi Iliyoshushwa Foleni

Nilihamia Kibondo kushughulikia kompyuta katika ofisi ndogo iliyotafuta ndugu waliopoteana wakati wa kukimbia Burundi. Nilipokelewa na lalamiko moja tu: mashine inaganda. Kompyuta moja ilihudumia meza zote tatu. Ukibonyeza, unasubiri mpaka unasahau ulichobonyeza, na nje watu wa kambi ya wakimbizi ya Nduta wamejaa kwenye benchi.

Nikaweka programu ndogo. Iliangalia ni kazi gani inayoing'ang'ania prosesa, ubongo wa mashine, kwa muda mrefu, ikaishusha nyuma ya foleni ili kazi nyepesi zipite kwanza. Kesho yake hakuna kilichoganda. Mkuu wa ofisi alinipa mkono mbele ya wote, nami nilifurahi, sikatai.

Sikujiuliza kilichoshushwa ni nini.

Ilikuwa kazi ya mwalimu. Tulimwita hivyo kwa sababu alifundisha shule ya kijiji cha Rungwe Mpya hadi alipostaafu. Yeye alilinganisha majina ya watoto waliopatikana peke yao na majina waliyotaja wazazi. Majina ya Kirundi kila karani huandika anavyosikia, hivyo mashine ilijaribu kila namna ya kuyaandika, saa baada ya saa.

"Mwanangu," aliniambia wiki ya pili, "kazi yangu haifiki mwisho siku hizi. Zamani ilikuwa siku mbili."

"Orodha imekuwa ndefu, mwalimu," nilijibu bila kuinua macho. "Vumilia kidogo."

Akavumilia. Aliamini kwamba najua.

Kila Jumatatu alikuja mama mmoja kutoka Nduta kumuulizia binti yake. Jumatatu moja alisema amejiandikisha kurudi Burundi.

"Ngoja wiki moja tu, mama," mwalimu alimsihi.

"Nimengoja sana, mzee. Labda yuko kule. Jina langu limeshatoka, Alhamisi tunapanda magari."

Jibu lilitoka Jumanne ya wiki iliyofuata, mama ameshaondoka. Binti alikuwa hai, analelewa na familia moja upande wa Kasulu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa L badala ya R. Mwalimu aliniletea karatasi mezani, akasimama. Nikafungua kumbukumbu za programu yangu, nikaona kazi yake imeshushwa kila saa, tangu siku ile niliyopewa mkono.

"Kwa hiyo haikuwa orodha," alisema.

"Haikuwa orodha, mwalimu. Ni mimi."

Hakunigombeza. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni. Kuiruhusu kazi yake ipite kulinigharimu dakika moja.

Kesho yake tulikwenda Kasulu pamoja. Binti alitusikiliza akiwa amesimama, mikono ina unga wa muhogo.

"Ameondoka lini?"

"Alhamisi," nikasema.

Akahesabu siku kwa vidole, kisha akaingia ndani. Mama mlezi wake akatuomba tuondoke.

Tulituma ujumbe Burundi kumtafuta mama. Baada ya miezi kadhaa jibu likaja: mama alifika kijijini kwake, akakuta shamba lina watu wengine, akaenda asikojulikana. Mwalimu aliacha kazi kabla ya masika, akasema macho yamechoka.

Binti hunipigia simu kila mwisho wa mwezi. Namwambia bado. Huniita dada, hunishukuru kwa kuhangaika. Sijamweleza kwa nini jibu lake lilichelewa, na kila anaponishukuru inakuwa vigumu zaidi.