Tasnifu ya Damu Yetu

Wiki ile posa yangu ilipokubaliwa, nilisimama nje ya nyumba ya shangazi yangu, Kisauni, nikijifanya nafunga kamba za viatu, kumbe nasoma namba iliyo juu ya mlango. Rangi yake nyekundu ilikuwa imeliwa na chumvi na jua, lakini ilisomeka: 43. Ya kwetu, nyumba tatu kabla, ilikuwa 40. Namba hizo nilizipita kila siku tangu utotoni bila kuzijali. Siku ile niliziandika kiganjani kwa kalamu.

Zilipakwa na mwanamke wa Kizungu aliyekuja mtaani kwetu mwanzoni mwa miaka ya themanini, mimi nikiwa na miaka minane. Alikuwa akitafuta shahada yake ya uzamifu, na alichokitaka kwetu ni damu. Jina lake hatukulishika. Tulimwita Bi Sindano. Kila kidole kilichotobolewa kililipwa pakiti ya biskuti na kipande cha sabuni. Alikuwa akichunguza ugonjwa ambao sisi tuliuita wa mifupa, ule ambao chembe za damu hupinda mfano wa mundu zikaziba mishipa. Tulikuwa nao nyumbani. Mdogo wangu macho yake yalikuwa ya manjano, na maumivu yalipomjia alilia hadi sauti ikakauka akabaki anafungua mdomo tu, mama akimkanda kwa kitambaa cha maji moto. Alifariki akiwa na miaka sita, Bi Sindano akiwa keshaondoka na vichupa vyake. Majibu hayakurudi na hakuna aliyeyauliza.

Chuo kikuu nilisoma biolojia, na huko nikafahamu jambo ambalo hakuna aliyetueleza: ugonjwa ule hurithiwa, na mtoto hauugui mpaka baba na mama wote wawili wawe wameubeba. Mbebaji haumwi. Hucheza mpira, hupanda minazi, huoa. Lakini wabebaji wawili wakioana, kila mimba ni kamari.

Kwamba babangu alikuwa mbebaji halikuhitaji maabara, kaburi la mdogo wangu lilitosha. Shangazi ni dada yake, baba mmoja mama mmoja. Na mimi nilikuwa namuoa binti wa shangazi, kama ilivyo kwetu, ambako binti haendi kwa watu baki ikiwa yuko wa nyumbani amtakaye. Nami nilimtaka. Naliandika hilo waziwazi kwa sababu yanayofuata yaweza kumfanya mtu adhani vingine.

Nilikwenda Bombolulu, kwenye zahanati ndogo ambako hakuna anijuaye, nikapimwa. Mbebaji. Nikapimwa tena mahali pengine, maana sina desturi ya kuamini karatasi moja. Mbebaji.

Mtu atasema: si ungemwambia na yeye akapimwe? Asemaye hivyo hakuwapo. Mwishoni mwa miaka ya tisini, ukimwambia mchumba "twende tukapime damu", umemwambia jambo moja tu, ukimwi, wala si ugonjwa wa mifupa. Kijana mmoja wa Mishomoroni alithubutu. Posa yake ilirudishwa siku ileile pamoja na kanga alizopeleka, zimekunjwa vizuri kama sanda, na kaka zake binti wakamngojea mlangoni mwa msikiti. Kwetu ingekuwa zaidi. Mama na shangazi ni mawifi wanaopendana, jambo ambalo si la kawaida, na wangezikana bila kusemezana.

Ndipo nikaikumbuka ile damu iliyokwisha kutoka. Binti alikuwa amepimwa tayari, akiwa na miaka saba. Jibu lake lilikuwa limeandikwa mahali fulani duniani, na mimi nilihitaji kulisoma tu, bila kumuuliza mtu.

Nilikuwa nikifundisha kwa vipindi katika chuo kimoja cha ufundi, na mkutubi wa hapo, mwanamke aliyenizidi miaka kama kumi, alikuwa ameunganishiwa kompyuta yake na laini ya simu. Nilimwambia natafuta tasnifu ya mtu aliyefanya utafiti pwani.

"Jina la mwandishi?"

"Silijui."

"Mwaka?"

"Wa themanini na kitu."

"Mwalimu, hii ni kompyuta, si bao la ramli." Lakini alivuta kiti kingine. "Haya, keti. Nipe maneno."

Alinieleza jinsi inavyokwenda. Maktaba kuu ya kule kwao Bi Sindano, Ulaya, ilikuwa imeweka kwenye mtandao orodha ya tasnifu za vyuo vyake. Orodha unaweza kuisoma bure, na muhtasari wake, lakini tasnifu yenyewe haifunguki. Wajaza fomu, watia sahihi kwamba ni kwa masomo yako mwenyewe, kisha wao huituma ikiwa imepigwa picha kwenye utepe wa filamu.

Tuliandika "Mombasa", zikaja tasnifu za bandari na za reli. Tuliandika "Kisauni", hapana. Mara ukurasa ukakatika, kwa kuwa mtu ofisini kwa mkuu wa chuo alikuwa ameinua simu.

"Ndugu zangu, nani huyo?" mkutubi alipaza sauti dirishani. "Shusheni simu, nimo baharini!"

Tulianza upya. Niliandika jina la ugonjwa kwa Kiingereza, na "pwani ya Kenya". Ikaja moja. Maneno yaliteremka kwenye kioo mstari baada ya mstari, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Ugonjwa wa mundu katika mtaa mmoja kaskazini mwa kisiwa. Nyumba kwa nyumba. Kisha, mwisho wa muhtasari, maneno matatu: ndoa za ndugu.

"Watoka jasho, mwalimu," mkutubi alisema. "Ni mtu wako huyu?"

"Ni mtaa wangu."

Hakuniuliza tena. Kwenye fomu palikuwa na sehemu ya kueleza sababu, nami nikaandika "utafiti".

Baada ya wiki tatu ilikuja barua pepe: tasnifu hiyo haijawahi kuombwa na mtu yeyote, kwa hiyo itabidi waitoe chuoni kwake na kuipiga picha kwanza. Tusubiri. Nyumbani harusi ilikuwa imepangwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na mama alikuwa akihesabu Ijumaa zilizobaki. Mimi nilianza kuogopa sauti za watoto. Mtoto wa jirani akilia nilisimama nilipo, nikisikiliza ni kilio cha njaa au cha mifupa. Nikienda kwa shangazi nilimtazama binti machoni, nitafute umanjano ambao nilijua fika kwamba mbebaji hana.

"Mbona waniangalia kama samaki wa sokoni?" aliniuliza siku moja. "Wanikagua kama nimeoza?"

Shangazi alicheka. Mimi nilicheka pia.

Filamu ilifika mwezi wa nne wa kungoja, katika kisanduku kinachoenea kiganjani. Mkutubi aliivua mashine yake ya kusomea kifuniko cha vumbi, akaipachika filamu, akanionyesha mkono wa kuzungushia, akaondoka akapange vitabu ambavyo vilikuwa vimepangika. Kurasa zilipita nyeusi tititi, herufi zake nyeupe. Nilipita shukrani, ambamo Bi Sindano aliwashukuru wakazi kwa ukarimu wao. Nilipita ramani ya mtaa wetu, na msikiti, na kisima. Nyuma kabisa kulikuwa na majedwali: namba ya nyumba, umri, jinsia, jibu. Hakuzificha namba zetu. Kwa nini azifiche? Haikumpitikia kwamba msomaji atakuwa mmoja wetu.

Nyumba 43. Msichana, miaka saba. Mbebaji.

Nakumbuka niliushika ule mkono wa mashine kwa mikono miwili, kana kwamba nikiuachia jedwali lote litajifungua na kumwagika sakafuni. Nilimuona mdogo wangu akifungua mdomo bila sauti. Kisha nikawaona wengine, ambao hawajazaliwa, wamejipanga nyuma yake.

Nilirudi juu kutazama nyumba yetu kwa sababu moja tu, sikuwa na nguvu za kuinuka. Nyumba 40. Mvulana, miaka minne, mgonjwa. Huyo ni mdogo wangu. Mvulana, miaka minane. Huyo ni mimi. Jibu: hana.

Nilisoma tena. Hana. Na maabara mbili zilikuwa zimeniambia ninao.

Kwa hiyo tasnifu ilikosea. Lakini ikiwa ilikosea kwangu, yawezekana ilikosea kwake pia, na ikiwa ilipatia kwake? Hofu niliyokuwa nayo ilikuwa na umbo. Sasa haikuwa na umbo lolote. Nilikwenda nyumbani moja kwa moja.

Mama alikuwa ameketi mkekani na ungo, akichagua mchele wa harusi.

"Mama, wamkumbuka Bi Sindano?"

"Nimsahau vipi? Sabuni yake ilikuwa nzuri."

"Siku ile nilitobolewa kidole kipi?"

Mama aliuweka ungo chini. Alianza kucheka kabla hajajibu. "Wewe? Wewe uliruka dirisha ukaenda jifungia chooni. Babako alikuita mpaka akachoka."

"Basi damu yangu alitoa nani?"

"Nani ajua! Yule kijana mdungaji alikaa huku ukumbini, sisi wanawake na watoto tuko ndani, pazia katikati. Aliambiwa asituone, na alikuwa na adabu zake, maskini, hata kichwa hainui. Akiita, 'Mvulana, miaka minane,' mimi natoa kidole."

"Kidole cha nani, mama?"

"Cha mtoto asiyelia. Ulitaka biskuti zirudi?"

"Na kwa shangazi?"

"Mambo ni yaleyale. Binti yake alikuwa na homa siku ile, hakuguswa. Nilikuwa huko, nilitoa mimi."

"Wewe? Kwa mtoto wa miaka saba?"

"Nilikuwa mwembamba, mwanangu. Hukuniona ujanani." Kisha kicheko chake kikakatika. "Kwani kuna nini? Mbona umekuwa hivyo?"

Nilimwambia hakuna kitu. Mama alikuwa mbebaji. Hilo nalo kaburi lilikuwa limelisema. Damu iliyoandikwa nyumba 43 ilikuwa yake. Mtu alivaa joho na kuitwa daktari kwa kidole cha mamangu kilichopita chini ya pazia mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye, na mimi nilikuwa nimengoja miezi minne niambiwe jambo nililolijua kabla ya kuanza. Kuhusu binti wa shangazi, sikujua chochote zaidi ya siku ile nilipojifanya nafunga viatu. Na Ijumaa zilizobaki zilikuwa tatu.

Siku iliyofuata nilimkuta uani kwao, akisahihisha madaftari ya watoto wa chekechea aliowafundisha. Shangazi alikuwa kwa jirani. Nilimweleza yote nikitazama madaftari: mdogo wangu, zahanati ya Bombolulu, fomu, filamu, pazia. Nilipomaliza aliifunika kalamu yake nyekundu taratibu.

"Hebu nifahamu," alisema. "Miezi minne wawaandikia watu wa ng'ambo barua, wawauliza damu yangu, na mimi niko hapa, nyumba ya tatu?"

"Niliogopa utadhani nakutuhumu."

"Na sasa sidhani?"

Nilinyoosha pembe ya daftari lililokuwa karibu nami.

"Wewe ndiye msomi wetu," alisema. "Maulidi wayauliza maswali. Ukipewa kombe la aya unywe, wauliza ni wino gani. Imamu mwenyewe akikuona ajificha. Swali moja la kuniuliza mimi, ukalipeleka Ulaya." Alisimama, akakusanya madaftari. "Kesho saa nne. Mimi nitatangulia, wewe ufuate nyuma, tusionekane."

Zahanati ilikuwa na benchi moja tu, nje. Aliingia peke yake. Nilihesabu matofali ya ukuta, nikakosea, nikaanza upya. Niliwaza kwamba huenda ndani wanampima na lile jingine pia, na kwamba akitoka, na mtu anayetufahamu akapita, kufikia adhuhuri Kisauni nzima itakuwa imetupa majina. Muda ulikwenda hata nikaanza kutamani usiishe.

Alitoka ameshika karatasi. Aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya buibui, akaanza kutembea. Hakunitazama. Nilimfuata hatua kama kumi nyuma, kama tulivyopatana, njia yote ya vichochoro. Sikuweza kusoma kitu katika mgongo wake. Mara alikwenda haraka, mara alipunguza, nami nikapunguza. Penye ukuta wa makaburi, ambapo hakukuwa na mtu, alisimama akanigeukia.

"Sina," alisema.

Niliushika ukuta. "Alhamdulillahi."

"Ngoja kwanza. Usishukuru." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogofya. "Nimepimwa kwa ajili ya watoto, si kwa ajili yako. Sasa liko swali langu. Siku tukiwa na jambo zito zaidi ya hili, nitajuaje kama utaniambia mimi au utamwandikia mtu?"

"Nitakwambia wewe."

"Hayo ni maneno. Wewe mwenyewe huyaamini maneno ya watu, mimi niyaamini yako?"

"Basi nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Wataka jibu, na mimi sina jibu leo. Wewe ulichukua miezi minne. Mimi nipe mpaka Ijumaa."

Alishika njia ya kwao, nami safari hii sikumfuata. Ilikuwa Jumatatu, na mama alikuwa ameshatuma watu wavuke Likoni kununua mbuzi wa harusi.