Honi Iliyomsubiri Mume Wangu

Msimamizi wa zamani wa karakana ya vichwa vya treni amekufa. Habari ilinikuta sokoni nachagua nyanya, nikaendelea kuchagua nyanya. Ninyi mnaonisoma mnajua sina mazoea ya kumsema marehemu. Leo iko sababu.

Mume wangu alifanya kazi chini yake tangu tulipofika Durban kutoka Kongo. Kazi yake ilikuwa kuingia shimoni chini ya injini, mafuta yanamdondokea shingoni, afungue breki zilizolika na kufunga mpya. Wakati huo karakana ilijaa: vichwa vinainuliwa na kreni, magurudumu yanatolewa yakachongwe, kelele mpaka barabarani nilikouzia maandazi. Siku hizi majani yameota katikati ya reli na milango mingi imefungwa. Lakini desturi moja haijafa. Honi ndiyo kitu cha mwisho kujaribiwa kabla kichwa hakijatoka. Na fundi akifa, gari la maiti likipita getini, kichwa kilichopona kinampigia honi ndefu, wote wanavua kofia.

Mume wangu alipokufa nilimwendea msimamizi kumkumbusha. Alikuwa anakula, na hakuacha kutafuna. "Mama, honi ni ya watu wa hapa," akasema. "Wenu mkampigie huko kwenu." Tukapita getini kimya, binti yangu ananiuliza baba amekosa nini. Kimya kile nimelala nacho na kuamka nacho miaka yote hii.

Nikalea mjukuu. Leo ni fundi mle mle, na mkono wake ndio unaojaribu honi. Najivuna, ndiyo, nani atanizuia? Basi mjane wa msimamizi akaja kwangu kutoka mtaa wa Overport, viatu vinang'aa, akaomba niseme na mjukuu ili marehemu asipite kimya. Nikampa chai. Nikamwambia honi italia, aende na amani. Sikumdanganya.

Siku ya mazishi nilisimama getini. Mjukuu alikuwa juu ya injini, ametoa kichwa dirishani.

"Koko, nipige?" akaniuliza bibi yake.

"Bado."

Gari likapita polepole. Mjane akanitazama kupitia kioo, nami sikuinamisha macho. Lilipokata kona pale kwenye robot, taa za barabarani, na kupotea, nikamwambia mjukuu, "Sasa piga. Ya babu yako."

Ikalia mpaka njiwa wakatoka kwenye paa. Mafundi wakavua kofia, hata vijana ambao hawakumjua. Mjane naye aliisikia, najua. Honi ile inafika mbali.

Kanisani wameshaniambia nisamehe. Wacha waseme. Mimi nasema na ninyi wenye vyeo vidogo, mnaoshika ufunguo wa geti na neno la mwisho: mkimnyima maiti kitu kisichowagharimu chochote, kumbukeni ana wajukuu. Wanakua, na wanajifunza kazi.