Mteja Aliyetaka Kahawa ya Moto Zaidi

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinifika mimi, mchana, jua likiwaka, katika duka lililo kando ya barabara pale Ukunda. Mke wangu Mishi alikuwepo, na yuko tayari kukuapia. Ukitaka kucheka, cheka. Ndugu zangu nao walicheka, mpaka nilipowanyooshea mkono huu wakauona.

Mimi ni fundi wa kushona, nakaa Msambweni. Mama yangu ni mtu wa kahawa. Asubuhi asipopata kikombe chake usimsemeshe. Lakini siku hizi mikono yake inatetemeka. Siku moja aliepua dele la kahawa kwenye makaa, likamponyoka, kahawa yote ikammwagikia pajani. Ngozi ilibambuka. Na alipopata nafuu tu, akataka kurudi kwenye makaa yake!

Mishi akaniambia, "Baba Rama, tumtafutie mama mashine ya umeme. Unatia maji na unga wa kahawa, unabonyeza, kahawa inajidondokea yenyewe kwenye jagi. Hapana kuepua kitu."

Ndiyo tukaenda kwa Mwinyi, muuzaji wa vyombo vilivyokwisha kutumika. Wakati huo hoteli moja ya Diani ilikuwa imefungwa, naye alikuwa amenunua vitu vyake: masufuria, viti, vikombe, mashine za kahawa, na friza kubwa nyeupe, ile ya mfuniko wa juu, ambayo mtu mzima anaweza kulala ndani. Hiyo aliiweka nyuma kabisa ya duka.

Mwinyi akatupangia mashine tatu mezani. Mimi niliipenda yenye jagi la kioo, kwa sababu unaiona kahawa ikishuka. Mishi akasema kioo na mikono ya mama haviendi pamoja. Tukawa tunabishana. Ndipo tukasikia sauti nyuma yetu.

"Asalaam aleikum. Mwamchagulia nani?"

Tukageuka. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi, suruali nyeusi, viatu vinang'aa, kama wahudumu wa hotelini. Hatukumwona akiingia. Lakini nani hukaa akiangalia mlango wa duka la mwenzake? Sisi tulidhani ni mtu wa Mwinyi. Mwinyi, baadaye ndipo nilipojua, alidhani amekuja na sisi. Tukamwitikia salamu, Mishi akamweleza habari za mama.

"Maskini," akasema, na naapa alisema kwa huruma. "Basi msichukue hiyo ya kioo. Chini ina sahani ya moto. Kahawa ikikaa pale inaungua, mtakunywa masizi. Hii ya pili ina vitufe vingi, itamchosha mzee. Chukueni hii ya tatu. Jagi lake ni kama chupa ya chai, kahawa haipoi na halivunjiki upesi. Chujio ni la waya, mwaliosha tu, hamnunui karatasi kila mara. Na kitufe ni kimoja."

Sijapata kusikia mtu akieleza kitu vizuri namna ile. Moyo wangu ukatulia. Mishi akasema hiyo ndiyo.

"Ijaribuni kwanza," akasema yule bwana. "Tieni kahawa."

Mwinyi akatia maji na kahawa, akabonyeza. Mashine ikaguruma, ikaanza kudondosha, harufu ikajaa duka zima. Akammiminia mgeni kikombe. Yule bwana akakinywa kwa mkupuo mmoja, kinafuka mvuke. Hakupuliza. Hata uso hakuukunja.

"Haijapata moto," akasema. "Tia tena."

Akanywa cha pili vilevile. Mwinyi akacheka. "Bwana, hii inachemka! Utajiunguza koo."

"Haijapata moto."

Mishi akanishika shati. Nikatazama anakotazama. Mgongoni mwa yule mtu palikuwa pakitoka ukungu mwembamba, ule unaoteremka ukifungua friji. Umande ulikuwa umetanda kwenye meza pale alipoegemeza kiganja. Ukunda, mchana ule wa joto!

"Tia tena," akasema.

"Imetosha, bwana. Hapa si mkahawani."

Hapo ndipo alipomshika Mwinyi mkono, akaulaza kwenye ukingo wa meza, akaukandamiza. Ulivunjika kwa mlio wa ukuni mkavu. Mwinyi alipiga ukelele ambao mpaka leo nausikia, akaanguka, mfupa umetokeza nje ya ngozi. Yule bwana hakumtazama. Akachukua jagi, akainua uso, akajimiminia kahawa machoni, macho yakiwa wazi.

"Baridi," akasema, kwa sauti ileile ya adabu. "Baridi hainitoki."

Nilimvuta Mishi tukimbie. Akatuwahi mlangoni, akamkamata Mishi kwa ushungi, akamburura chini kama gunia, ushungi unamkaba, miguu yake inapigapiga vyombo. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilinyakua chuma cha kusagia nyama, kile kizito cha jikoni hotelini, nikampiga nacho kichwani kwa nguvu zangu zote. Fuvu likabonyea. Niliona kwa macho yangu. Hakukutoka damu, bali vipande vya barafu, vikasambaa sakafuni. Nikampiga tena, na tena, mpaka sikio likaning'inia.

Akamwachia Mishi. Akanigeukia mimi na kutabasamu, kama anayekukaribisha mezani.

"Wewe una joto," akasema.

Alininyanyua kwa shingo, kwa mkono mmoja. Vidole vyake viliniunguza kwa ubaridi. Nilimpiga mateke, nikamwuma mkono. Meno yangu yaligonga kitu kigumu, jino moja likakatika. Akanipitisha katikati ya duka, viti vinaanguka, vikombe vinavunjika chini yetu, hadi nyuma kwenye friza. Niliona waya wake umekunjwa juu ya mfuniko. Haukuwa umechomekwa popote. Lakini alipofunua, ndani mlikuwa mweupe pepepe kwa barafu.

Akanitupa humo, akafunika.

Niliusukuma ule mfuniko. Viganja vikagandia kwenye chuma, na nilipovivuta ngozi ikabaki. Nikapapasa. Upande wa ndani wa mfuniko ulikuwa umechanwachanwa mistari, mingi, ya kucha. Kisha nikasikia uzito ukikaa juu yangu. Alikuwa amekalia mfuniko. Nikasikia kikombe kikigonga kisahani, na mtu akishusha pumzi ndefu ya raha.

"Sasa," akasema huko juu. "Sasa naihisi kidogo."

Mishi ndiye aliyeniokoa. Alitoka nje akitambaa, akapiga mayowe, wakaja mafundi wa gereji ya jirani na vyuma vyao. Wote walimwona, usiniambie nilikuwa na homa. Alikuwa ameketi, amekunja nne, anakunywa kahawa. Walimpiga vyuma asishtuke. Mmoja wao alimsogelea sana, akapigwa kofi moja, taya likavunjika. Mwisho waliishika friza upande mmoja, wakaipindua pamoja naye. Mfuniko ukafunguka, nikabingirika nje. Yeye hakuwepo tena. Kilibaki kikombe chake, na kahawa ndani yake imeganda.

Daktari alinitazama mkono akaniuliza, "Ulikuwa nchi gani?" Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa kwa baridi. Vikakatwa. Tena mkono wa mkasi.

Nilipokuwa wodini alinijia Bi Mwanakombo, mama mmoja wa kijiji cha Bongwe aliyewahi kupika katika hoteli ile. Alikuwa amesikia habari. Hakuniuliza kitu, alinieleza yeye sura ya yule mtu, shati, viatu, mpaka alivyokuwa akitabasamu.

"Alikuwa mhudumu wa kahawa," akasema, huku analia. "Aliwakuta wenzake wakiiba nyama. Wakampiga, wakamtia humo angali hai. Wakakaa juu ya mfuniko, mwanangu. Wakakaa wakizungumza mpaka akanyamaza."

Mama sasa anayo mashine yake, mpya, ya kutoka dukani, yenye jagi la aina ileile aliyotuchagulia yule bwana. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Mimi siinywi kahawa yake. Nashona kwa vidole vilivyobaki, polepole, na nimevaa sweta Msambweni hii hii unayoijua kwa joto. Mishi hajifungi tena ushungi mbele ya kioo. Anasema huona mkono unakuja.

Mwinyi aliliacha duka, mkono wake haukunyooka tena. Nilirudi pale na nyundo, nia yangu niipasue ile friza vipandevipande. Nikaambiwa mwenye nyumba ameshaiuza. Aliyeinunua ameipaka rangi upya. Hakuna anayejua ameipeleka wapi, Kikoneni, Mombasa, au mtaani kwako.

Kwa hiyo nakuomba. Ukienda kuchagua vyombo vya zamani, na mtu mpole akasimama nyuma yako kukushauri, mpe mkono kwanza, uusikie. Na akikuambia kahawa haijapata moto, usimtilie kikombe cha pili. Ondoka. Adabu iache hapohapo. Kimbia bila kuaga.