Nilivyouonea Wivu Ugonjwa wa Torunn

Nilikwenda kwa daktari kudanganya. Mimi, muuguzi mwenye miaka kumi na minne kazini hapa mjini Bergen, nilifanya mazoezi ya uongo siku tatu mbele ya kioo cha bafuni.

Sababu ni Torunn.

Ni muuguzi mwenzangu, tuko wodi moja. Tangu Januari daktari alimpa likizo ya ugonjwa ya nusu siku. Saa tano anavua sare anaondoka, na wagonjwa wake wote wananiangukia mimi.

Jumapili moja nikamkuta mlimani kwenye theluji. Mashavu mekundu, magongo ya kutelezea kayachomeka pembeni, anamenya chungwa.

"Mgonjwa gani wewe?" nikamuuliza.

"Daktari ndiye kaniambia nitembee, shoga. Na wewe pumzika, uso umekushuka."

Umenishuka kwa kazi za nani? Niliteremka mlima ule roho inaniuma. Nilimwonea wivu mpaka lile chungwa.

Basi nikaamua na mimi kuumwa.

Dalili zake nilizijua, kazisimulia sana chumba cha kahawa. Kisogo kinagonga, usingizi hakuna, moyo unakwenda mbio hata akifunga kamba za viatu. Nikazikariri zote.

Jumatano nikazimwaga mbele ya Daktari Myklebust, mama mmoja mpole wa maneno machache.

"Yameanza lini?"

"Novemba."

Jibu lilinitoka lenyewe. Hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi.

Akanipima presha. Akahamia mkono wa pili, akarudia.

"Mia moja tisini na nane kwa mia moja kumi na nane. Mgonjwa wako akiwa na namba hizi, unamfanyaje?"

"Simruhusu kutoka."

"Basi kaa hapo hapo, naita gari."

"Daktari, nina zamu saa nane."

Akainua simu. Ndipo nikaanza kulia, maana hata kisogo kilikuwa kinagonga kweli, na nilikuwa nimekizoea hivyo miezi mitano.

Nililazwa siku sita. Torunn alikuja kuniona, nikamwambia kila kitu, akacheka hadi akatoa machozi.

Wauguzi wenzangu, tunapima watu kutwa nzima na wenyewe hatupimwi. Nendeni mkapimwe. Mimi nisingekuwa na kijicho, siku ile ningeingia zamu, na leo mngekuwa mnasimuliwa habari zangu na mtu mwingine.